Kamba ya Hesabu

Ofisini kwetu, barabara ya Digo, ghorofa ya pili,
juu ya kinyozi na fundi wa miwani,
kamba ya katani imetundikwa msumarini
kati ya leseni na picha ya tembo.

Ni daftari la nyanya.

Mbodze hakujua kusoma,
lakini hakuna aliyekula senti yake akalala salama.
Gunia la muhogo, Mwakirunge hadi Kongowea: fundo moja.
Nazi mia: fundo nusu,
na namna ya kufunga nusu aliijua mwenyewe.
Mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku: hakuna fundo.
Maiti: hakuna fundo,
ila mafuta watie wafiwa.

Gari lilikuwa pikapu ya Pijo,
mlango wa kushoto umefungwa kwa waya,
baba yangu Nyamawi usukani, miaka kumi na tisa,
na breki, asema, zilishika zikipenda.
Masika njia ikawa uji.
Abiria walishuka, wakasukuma, wakapanda tena
wote rangi moja.
Nauli wakalipa vile vile.
Nyanya hakulijua neno punguzo.

Utalii haukuja kwa mpango. Ulikuja kwa pancha.
Basi la hoteli lilikwama Bamburi, saa sita, jua la utosi,
Wajerumani kumi na mmoja kando ya barabara
wameiva kama pweza chunguni.
Baba alipita na muhogo, akapunguza mwendo, akasimama.
Akateremsha magunia,
akamwachia mtoto wa maandazi ayalinde,
akawapakia wageni pale pale penye vumbi la muhogo.
Walicheka kila shimo.
Mashimo yale yale tuliyoyalaani sisi!
Jioni nyanya alipewa noti asiyoijua,
akaigeuza, akainusa, akauliza:
"Hii ni mafundo mangapi?"

Hapo mambo yakapanda gia.
Pijo ikauzwa, ikaja Nisani kuukuu;
fundi wa Jomvu akaikata paa kwa msumeno
watu wasimame, watazame twiga wa Tsavo.
Baba akajifunza kusema danke na kuvaa soksi.
Ami Beja akalifuta "Mbodze na Wanawe" mlangoni,
akaandika jina lenye simba ndani yake,
naye simba hakumjua
ila wa kwenye kiberiti.

Sasa ni magari saba, yana kiyoyozi, yana maji ya chupa.
Mimi ndiye wa kompyuta. Nafunga hesabu kila Ijumaa
na hazinisumbui usingizini.

Lakini kuna siku moja tulitoka matangani Mwakirunge,
nyanya kakaa mbele, leso mbili, miguu haifiki chini.
Mama mmoja, njiani, magunia mawili,
alipunga mkono kama walivyopunga mama zake.
Dereva, kijana wa kuajiriwa, alipiga honi akapita.
Alidhani anasalimiwa.
Nyanya aligeuza shingo
mpaka yule mama akamezwa na vumbi letu.
Hakusema kitu. Kongowea tukaivuka, hakusema.
Usiku akaiomba kamba yake,
akafunga fundo moja, mwisho kabisa, mbali na mengine,
akalikaza kwa meno aliyobakiwa nayo.
Nikauliza, la nani hili?
Akasema: "Hili tunadaiwa."

Alifariki kabla ya Ramadhani ya jirani zetu kuandama.
Baba akaitundika kamba. Ami akasema haipendezi ukutani.
Ikabaki.

Juzi mgeni mmoja, bibi wa watu, kofia pana,
aliisimamia kitambo, akaigusa kwa kidole kimoja,
akauliza ni ya kabila gani, ni ya tambiko gani,
ni bei gani.
Nikamwambia haiuzwi,
hesabu yake haijafungwa.

Akatabasamu, akafungua pochi,
akaongeza dola kumi.
Alidhani napandisha bei.